Chupa Iliyotoka Hamriya

Siku yangu ya mwanzo kazini Maskati, Mkuu wa Maabara hakuniuliza cheti wala hakunionyesha hadubini. Alinipa neli ya kioo yenye mkojo wa mtu nisiyemjua, akasema, "Nieleze khabari za huyu bibi."

Ilikuwa mwaka 1964. Mimi na mume wangu tulikuwa tumefika kutoka Unguja, ambako nilifundishwa kazi ya maabara katika hospitali kubwa ya mjini, na nilijiona fundi. Nikaiinua ile neli kwenye mwanga wa dirisha, nikajibu kwamba nahisi mgonjwa ana sukari. Mkuu wa Maabara alikuwa Mhindi wa Bombay, mtu mzima mwenye miwani mizito, aliyekiokota Kiswahili chake Mombasa ujanani. Akaivua miwani akaiweka mezani, na baadaye nilijifunza kwamba akiivua miwani, mtu ajiandae.

"Binti, hapa hatuhisi," alisema. "Usinambie unavyofikiri. Nambie ulichokiona. Rangi kwanza, jina la ugonjwa baadaye."

Basi akanisimamisha mbele ya taa ya spiriti. Katika neli nyingine alimimina dawa ya buluu, buluu ya kupendeza kama kitambaa cha bibi harusi, akadondoshea matone ya ule mkojo, akaniambia nichemshe. Kama hamna sukari, dawa hubaki buluu yake. Ikiwemo kidogo hugeuka kijani, ikizidi huwa manjano, kisha rangi ya chungwa, na ikishamiri huwa nyekundu ya tofali. Nilikuwa nimekwisha kuifanya kazi hiyo Unguja mara nyingi sana, lakini asubuhi ile, nikiwa mgeni katika nchi niliyoambiwa ni ya babu zangu, niliitazama buluu ikipita kijani ikaishia wekundu, nikajikuta namtaja Mwenyezi Mungu kwa sauti. Mwanamke niliyekuwa sijapata kumwona uso alikuwa ananieleza siri ambayo yeye mwenyewe haijui. Nimefanya kazi hii mpaka mvi zimenijaa na mshangao ule haujanitoka.

Siku hizi vijana huviita viashiria vya maradhi. Wana viashiria vya moyo, vya ini, vya saratani, na mashine inayovisoma vyote kwa tone moja la damu. Sisi tulisema alama tu. Kila ugonjwa huacha alama katika maji ya mwili, nasi kazi yetu ilikuwa kuitafuta kwa macho, kwa pua na kwa moto. Umeme hatukuwa nao wa kutegemea. Hadubini yetu ilikuwa na kioo chini yake, tukakielekeza dirishani kikatupigia jua juu ya damu ya mgonjwa wa malaria, na siku ya vumbi jingi tuliwaambia wagonjwa wasubiri.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya haya ya wanawake. Wale wa Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati ilipokuwa hospitali yetu, na wa vijiji vya jirani hawakuwa tayari kumkabidhi mwanamume chupa ya mkojo wao, na hata daktari awe bingwa vipi, hawezi kupima kisicholetwa. Daktari Bibi, ndivyo wote tulivyomwita mganga mkuu wa upande wa wanawake, alikuwa mgeni kutoka nchi za baridi, mrefu, aliyesema Kiarabu cha vitabuni, polepole, kila herufi mahali pake. Aliniomba kwa Mkuu wa Maabara nihamie upande wake. Nikapewa chumba kidogo chenye meza, taa ya spiriti, rafu ya neli na jahla, ule mtungi wa udongo unaoning'inizwa upepo uyapoze maji, kwa ajili ya wanaosubiri barazani.

Huko ndiko nilikojifunza kupima protini kwa wajawazito. Kipimo chenyewe ni kidogo hata mtu akakidharau. Unashika neli ya mkojo chini, unachemsha sehemu ya juu tu, ili ya chini ibaki safi uweze kulinganisha. Ukizuka ukungu mweupe usishtuke bado, kwani huenda ni chumvi za kawaida. Unatia matone ya siki kali. Ukungu wa chumvi utatoweka, wa protini utabaki. Na ukibaki kwa mwenye mimba, tena miguu yake imevimba na presha imepanda, basi ile ni sumu ya mimba, na mwisho wake ukiachwa ni kifafa na kaburi. Daktari Bibi alikuwa akiniambia, "Mimi nasikiliza moyo wa mtoto, lakini wewe ndiye unayesikia hatari ikiwa bado iko mbali."

Rayya alikuja kwetu miezi ya joto. Alikuwa mtoto wa Unguja kama mimi, mumewe akifanya kazi Kuwait kama wanaume wengi wa zama zile, naye akiishi Hamriya na mama mkwe wake, Bi Zuwena. Hamriya ya leo ni maduka mpaka mtu akose pa kuegesha gari. Wakati ule ilikuwa nyumba chache na mitende, na kutoka huko kufika Matrah ni kuvuka njia ya mlimani juu ya punda, ila ukipata gari la mtu. Rayya alikwisha kuharibikiwa na mimba mbili, zote zikiwa kubwa. Hii ilikuwa ya tatu. Nilimpima siku ile: sukari hana, dawa ilibaki buluu safi. Protini alikuwa nayo, ukungu mwembamba wa kumfanya Daktari Bibi aiinue neli dirishani mara ya pili.

"Kila wiki nataka mkojo wake," alisema. "Yeye apumzike, asipande punda. Chupa iletwe na mtu mwingine."

Bi Zuwena akasema ataileta mwenyewe. Na kweli, kila wiki alikuja juu ya punda wake, chupa ameifunga ndani ya kanga, kanga ndani ya kikapu, utafikiri amebeba dhahabu. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mcheshi, mwenye maneno. Alikaa barazani akanywa maji ya jahla mpaka akaimaliza, akalaumu jua la njiani, nami nikamjazia nyingine. Wiki ya kwanza nilichemsha, nikatia siki, neli ikawa safi. Wiki ya pili, safi. Ikafuata nyingine na nyingine. Daktari Bibi alifurahi, akasema mapumziko yamefanya kazi, na mimi nilimtuma Bi Zuwena arudi na salamu kwamba mambo ni mazuri. Sukari sikumpima tena. Dawa ya buluu ilikuja kwa meli kutoka Bombay, na mara nyingi ilituishia, hivyo wajawazito tuliwapima sukari siku ya kwanza tu.

Kisha meli ikafika na shehena. Mkuu wa Maabara, aliyependa kila kitu kipimwe upya kama mama anayehesabu watoto wake sokoni, akaagiza wajawazito wote warudiwe sukari. Siku ya Bi Zuwena kuja nikapima protini kama kawaida, hamna. Nikatia matone kwenye dawa ya buluu, nikachemsha. Ikapita kijani bila kusita, ikapita manjano, ikasimama kwenye wekundu wa tofali.

Nilirudia. Nilibadilisha neli nikarudia tena. Nikampelekea Mkuu wa Maabara, akarudia kwa mkono wake, kisha akaivua miwani.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Nimeona sukari nyingi ambayo haikuwapo, na protini iliyokuwapo siioni."

"Basi mpelekee daktari hivyo hivyo. Usiongeze chumvi."

Daktari Bibi alizishika neli mbili dirishani, moja mkono huu na moja mkono huu. "Mimba inapokua, ukungu huu huzidi," alisema. "Haukimbii na kuipisha sukari. Thuraya, mimi hapa naona wanawake wawili. Nani anayeleta chupa?"

Nilitoka barazani, na Bi Zuwena alikuwa amesimama penye jahla, kikombe mdomoni.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Khabari njema tena?"

"Hii chupa ni ya Rayya?"

"Ni chupa iliyotoka nyumbani kwa Rayya."

"Sikuuliza ilikotoka. Nimeuliza ya nani."

Akakiweka kikombe. "Nyinyi mlinambia lete chupa, nikaleta. Sijasema uwongo hata siku moja."

"Basi apa kwamba ni yake."

"Mimi siapi kwa mambo ya chooni."

Hapo nikajua. Watu wetu wale wa zamani ndivyo walivyokuwa. Atakuzungusha mji mzima kwa maneno, lakini kiapo cha uwongo hakitoki kinywani mwake. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikamwambia taratibu, "Bi Zuwena, mficha uchi hazai."

"Methali hiyo nimeijua kabla mama yako hajaolewa," alisema, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Nimezika wajukuu wawili, Thuraya. Mara zote mbili mimba ilijulikana mji mzima, na kila mwenye jicho akalitia. Hii ya tatu nimeificha. Mlangoni kwa yule mtoto hapiti mtu. Halafu nyinyi mnataka maji yake yakae mezani hapa, kila anayeingia ayatazame? Mtu akiyapata maji yako amekupata wewe. Rayya anayajaza mwenyewe kwenye chupa, maskini, nami nayamwaga chini ya mtende nayafukia. Nakuleteeni yangu. Mimi mzima, sijui hata kuumwa kichwa."

Sikumkasirikia, na sitaki msomaji wangu amkasirikie. Unguja nilikolelewa hata nguo za mtoto mchanga hazianikwi usiku, na kuna shangazi zangu wangefanya vile vile, na watu wangewaombea na dua juu yake. Nilimuuliza jambo moja tu, hali ya Rayya ilikuwaje alipomwacha asubuhi.

"Amenenepa uso, alhamdulillah. Kichwa kinamgonga kidogo. Anasema anaona vimulimuli mchana."

Daktari Bibi alikuwa mlangoni nyuma yangu. Kiswahili hakujua, lakini nilipomfasiria neno la vimulimuli alikwenda kuchukua mkoba wake bila kusema kitu. Tulipanda gari la hospitali sisi watatu na dereva, na taa yangu ya spiriti nimeishika mapajani. Njia nzima Bi Zuwena alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona.

Tulimkuta Rayya amelala chini kwenye mkeka, uso umevimba hata macho yamekuwa membamba. Hakuwa amenenepa. Yalikuwa maji. Daktari Bibi akamfunga mkanda wa presha, nami nikampeleka Rayya uani na chupa, nikasimama naye mpaka akanipa mkononi. Kisha nikawasha taa pale pale sakafuni. Sehemu ya juu ilipopata moto haikufanya ukungu tena. Iliganda. Iliganda nyeupe kama ute wa yai la kuchemsha, na nilipotia siki haikutikisika. Katika maisha yangu yote ya kazi nimeogopa kitu ndani ya neli mara chache, na hii ndiyo ya kwanza.

Rayya alikuwa akinitazama. "Lakini majibu yalikuwa mazuri," alisema. "Mama kaniambia kila wiki, majibu mazuri."

Bi Zuwena alikuwa ameegemea mlango. Alitazama ile neli, akamtazama mkaza mwana wake, kisha akateremka taratibu mpaka akakaa chini, uso ameufunika kwa kanga. Nilimsikia akisema ndani ya kanga, "Mwanangu, nisamehe. Yale mazuri yalikuwa yangu."

Tulimbeba Rayya kwa mkeka ule ule. Kifafa kilimshika tumekwisha fika Matrah, mlangoni mwa wodi, na kama kingemkamata mlimani sijui ningeandika nini leo. Daktari Bibi alimchoma sindano za kumtuliza, akaagiza chumba kitiwe giza, mtu asiburure hata kiti, na hali ilipotulia akaamua mtoto atolewe kabla ya wakati wake. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha. Kila Rayya alipotolewa mkojo, mimi nilichemsha, nikapeleka neli, Daktari Bibi akaitazama, akaendelea. Wakati ule nilielewa kwamba kupima hakuishi siku ya kuujua ugonjwa. Ugonjwa unatembea, na alama yake ni nyayo. Mwenye kuzifuata huambiwa unakwenda mbele au unarudi nyuma.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo, ngozi imekunjana, na alilia kabla hajapigwa. Tukamfunga kwa pamba. Kisha nikaona muujiza ambao siku hizi upo vitabuni na hakuna anayesimama kuutazama. Mara kondo la nyuma lilipotoka, ule ugonjwa ulianza kuondoka wenyewe, kama mgeni aliyeona mwenyeji anakunja mkeka. Yai likawa maziwa, maziwa yakawa ukungu, ukungu ukawa mwembamba. Siku zikapita, na asubuhi neli ilipochemka ikabaki safi kabisa nilimwita Bi Zuwena. Nilimwonyesha sehemu ya juu na ya chini, hazina tofauti. Nikamwambia, haya sasa ni ya Rayya mwenyewe. Aliishika neli kwa mikono miwili akalia, nami nililia naye, na Mkuu wa Maabara aliyekuwa akipita akajitia anatafuta kitu kabatini.

Ikabaki khabari moja ambayo hakuna aliyekuwa amempa Bi Zuwena. Daktari Bibi alinituma niifikishe, kwa kuwa ni mimi niliyeiona. Nilimwambia, "Bi Zuwena, ile chupa uliyoleta ilikuwa na sukari nyingi sana."

"Ya Rayya?"

"Ya kwako. Na kiu hiyo si ya jua."

Alinikodolea macho. Alileta mkojo wake kwa kuwa ndani ya nyumba ile alijiona ndiye mzima kuliko wote. Miezi mingine michache, macho yangeanza kuzima na kidonda cha mguu kingegoma kupona, naye asingejua kwa nini. Akatikisa kichwa polepole. "Nilimficha Rayya na macho ya watu," alisema, "Mwenyezi Mungu akanifichua mimi." Sina sayansi ya kuliongezea neno hilo.

Akapewa dawa na masharti ya chakula. Halua aliigombania, tende tulipatana. Kila wiki alirudi na chupa yake, na rangi ikapanda na kushuka kadiri ya harusi alizoalikwa. Nilikuwa nikimwambia, "Wiki hii ulikwenda harusini," naye akicheka, "Na wewe na hiyo buluu yako, mbona umekuwa Munkar na Nakir, unanihoji kabla ya kaburi?"

Mwaka 1970 mambo ya nchi yakabadilika kwa kasi. Wataalamu wakaanza kuja, majengo yakapangwa, mashine zikaagizwa, na mimi nikaambiwa nijitayarishe kwenda kuwafundisha wasichana wengine kazi. Nilifundisha mpaka nikastaafu. Leo nakaa Khuwair ya Kusini kwa mwanangu, na mjukuu wangu ana kidude kilichobandikwa mkononi kinachomsomea sukari yake kwenye simu, bila moto wala rangi. Nakitazama kwa heshima. Nikiulizwa na vijana kipi kilinishangaza zaidi katika kazi, wanatarajia niitaje mashine fulani. Mimi nawaambia mshangao wangu haujawahi kuwa wa vyombo. Ni kwamba tumeumbiwa mwili usiojua kusema uwongo, tukawekwa ndani yake sisi tunaoogopa. Fundi wa maabara anahitaji kuwajua wote wawili, maana mwili hauwezi kumwambia chochote mpaka yule anayeogopa afungue mkono.

Siku zangu za mwisho katika chumba kile kidogo, kabla sijahamishwa, Bi Zuwena alikuja na kikapu chake. Akatoa chupa mbili badala ya moja, akaziweka mbalimbali juu ya meza.

"Hii yangu," alisema. "Na hii ya Rayya. Ana mimba tena. Kaijaza mwenyewe, sikuigusa ila kuifunga."

Niliichukua ile ya pili, nikawasha taa. Nikamuuliza, kwa utani, kama kijicho siku hizi kimekwisha.

"Nnakiogopa, tena kuliko mwanzo," alijibu, macho yake kwenye moto. "Lakini nilipomficha na wenye kijicho, nilimficha na wewe pia."